Dagaa wanaharibika msimu wa mvua: nisimamishe biashara au nikope nitengeneze kikaushio?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ujiji. Nanunua dagaa wabichi Katonga, mwalo wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, nawaanika nyumbani, wengine kwenye mchanga na wengine kwenye vichanja viwili, halafu nawapakia kwenye treni kwenda kwa mdogo wangu mwenye meza sokoni Tabora. Kiangazi sina shida. Tangu mvua za Novemba zianze nimepata hasara mara mbili. Mara ya kwanza walinyeshewa nusu saa tu, kesho yake nikawaanika tena, wakageuka manjano na kunuka. Mara ya pili hawakuguswa na mvua kabisa, walikuwa wakavu hadi wanavunjika mkononi, lakini treni ilichelewa na mzigo ukafika una ukungu na wadudu wenye manyoya. Jirani anasema hao ni dagaa wa mbalamwezi, ndiyo maana hawakai. Mwingine anasema nizidishe chumvi. Fundi amenipa bei ya kikaushio cha nailoni, lakini inabidi nikope kwenye kikundi. Nisimamishe biashara mpaka Mei, au nikope? Na hawa walioota ukungu, nikiwaosha na kuwaanika upya watafaa?"

Marahaba, mama, na pole kwa hasara. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu halisubiri: usiwaoshe. Ukungu unaouona juu ni sehemu ndogo tu. Nyuzi zake zimeshapenya kwenye nyama, na baadhi ya aina zake huacha sumu isiyoondoka kwa maji, kwa jua wala kwa kuchemsha. Kuku nao usiwape, maana najua hilo ndilo wazo linalofuata. Sumu hiyo hiyo inawadhuru. Wafukie, na magunia yaliyowabeba uyachemshe au uyachome. Nitaeleza kwa nini.

Turudi kwenye biashara. Hasara zako mbili zina sababu mbili tofauti, na ukizichanganya utajikuta unakopa fedha kutibu ugonjwa usio wako. Ya kwanza ilitokea kabla dagaa hawajakauka, na kilichokuponza hapo ni muda. Ya pili ilitokea baada ya kukauka, na kilichokuponza ni hewa. Mvua yenyewe, ile inayodondoka na kulowesha, ina lawama ndogo kuliko unavyodhani.

Habari ya mbalamwezi tuimalize haraka. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, iwe karabai ya zamani au hizi za sola. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, taa haiwavuti tena kwa nguvu, uvuvi unashuka na mitumbwi mingi inapumzika. Dagaa anayevuliwa siku hizo hana tofauti ya mwili na wa giza. Ila anakuwa adimu, mnamgombania ufukweni, na mpaka ndoo zako zifike Ujiji jua limeshapanda na samaki amekaa saa nyingi kwenye joto bila kuanikwa. Jirani yako ameona jambo la kweli, sababu ndiyo ameikosea. Kalenda ya mwezi itunze, utaihitaji kwenye mipango.

Sasa nikueleze kukauka ni nini hasa. Katika kilo moja ya dagaa wabichi, kiasi cha gramu 750 ni maji. Zinazobaki, kama gramu 250, ni nyama, mifupa na mafuta. Bakteria wanaoozesha samaki wanakwama pale maji yanaposhuka hadi asilimia 25 hivi ya uzito wa samaki. Ukungu ni mvumilivu zaidi, unaendelea kuota mpaka maji yashuke chini ya asilimia 15. Ukipiga hesabu, kilo moja ya wabichi ikibaki gramu 330, umewashinda bakteria: samaki hanuki, anavunjika mkia, anaita ukimtikisa kwenye ungo. Lakini ukungu bado una nafasi yake mpaka ufike kwenye gramu 290 hivi. Hizo gramu 40 katikati huenda ndizo zilizokuangusha Tabora. Mkono wako hauzioni. Wangu pia hauzioni, na nimewashika dagaa miaka mingi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokuomba ununue ni mzani mdogo wa jikoni. Kila unapoanika, pima kilo moja kamili ya wabichi, iweke kwenye kipande chake cha wavu, funga kitambaa chekundu pembeni usiisahau, ianike katikati ya wenzake. Hiyo ndiyo shahidi wako. Ipime mchana, ipime tena kabla ya kuanua. Dagaa hawalingani mafuta wala ukubwa, na wakichanganyika na lumbo, wale samaki wanaofanana nao lakini wanene, hesabu inasogea, kwa hiyo usiabudu namba yangu. Angalia mwenendo: uzito ukiacha kushuka kabisa kati ya saa sita na saa tisa mchana, siku ya jua, na uko karibu na 290 au chini yake, wamekauka. Ukiacha kushuka ukiwa 330 siku ya mawingu, hawajakauka. Hewa ya siku hiyo ndiyo imegoma kupokea maji zaidi, na kuwaacha hapo mpaka jioni hakutabadilisha kitu.

Hapo ndipo penye mzizi wa swali lako. Jua haliwakaushi dagaa kwa kuwachoma. Linapasha hewa joto, hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi, na upepo unaiondoa ili ije nyingine. Chukua asubuhi ya mvua hapa Kigoma, nyuzi 24 na hewa yenye unyevu wa asilimia 85. Hewa hiyo karibu imeshiba. Ipashe mpaka nyuzi 34 bila kuongeza maji na unyevu wake unashuka chini ya asilimia 50. Sasa ina njaa. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa yetu ina njaa yenyewe, na pepo za kusini mashariki zinaisukuma. Ndiyo maana kiangazi unaanika ovyo na bado unafanikiwa. Novemba hadi Aprili huo upendeleo haupo. Na mchana upepo unaovuma kutoka ziwani kuja nchi kavu unakuletea hewa ambayo imeshakunywa maji njiani.

Mchanga ni tatizo jingine. Kwa juu unaonekana mkavu kufikia saa nne, lakini chimba kidole tu uone. Maji yaliyo chini yanapanda mchana kutwa na kuingia kwenye matumbo ya dagaa, na upande wa chini haupati upepo hata kidogo. Msimu wa mvua mchanga uache kabisa. Ongeza vichanja, hata vya miti na wavu wa kuchakaa, vifike kiunoni, na uwatandaze safu moja isiyopandana. Nakuhakikishia kichanja cha tatu kitakusaidia kuliko kikaushio ambacho ndani yake umeanika safu nene.

Nirudi kwenye hasara ya kwanza. Mvua ya nusu saa kwa dagaa walioanza kukauka inalowesha ngozi tu, na maji hayo yanaondoka kwa saa chache wakipata upepo. Hukuandika usiku ule waliwekwa wapi. Nakisia uliwazoa, ukawarundika, ukafunika kwa turubai. Kama ndivyo, hapo ndipo walipoharibikia. Rundo la samaki nusu wabichi linajipasha joto lenyewe, hewa haipiti, bakteria wanafanya kazi usiku kucha, na mafuta yanachacha. Rangi ya manjano na ile harufu kali ndiyo dalili yake. Mvua ikikukuta, waingize ndani wakiwa wametandazwa, hata kama ni kwenye mikeka juu ya viti sebuleni na milango iko wazi. Watoto watalalamika kwa harufu. Vumilieni. Na kama hao dagaa hawajakaa juani hata kwa muda wa saa tatu na mawingu yamefunga kote, usibahatishe: siku hiyo badilisha mpango, wageuze kuwa dagaa wa kukaanga au wa moshi. Nitalifikia hilo.

Hasara ya pili ni ndefu kidogo kuieleza. Tuseme uliwakausha hadi chini ya gramu 290 kweli. Dagaa mkavu akikaa kwenye hewa yenye unyevu anainywa, polepole, mpaka alingane nayo. Gunia la sandarusi limefumwa, halizuii hilo. Ukimfungasha saa nane mchana angali na joto la jua, hewa yenye joto iliyo ndani inapoa usiku na kuachia maji yake juu ya samaki. Kisha behewa: bati lake linachemka mchana na kupoa alfajiri, na hewa iliyonasa ndani inatoa jasho chini ya paa, kama inavyofanya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone yanadondokea magunia ya juu. Mdogo wako akikuambia magunia ya juu na yaliyogusa ukuta ndiyo yaliyoharibika zaidi, basi ni jasho la behewa. Akikuambia gunia limeharibika katikati na pembeni ni wazima, basi ulifungasha kabla hawajakauka. Muulize. Jibu lake lina thamani kuliko ushauri wangu wote, maana linakuonyesha ni wapi pa kurekebisha.

Njia ya kuwafungasha ni hii: waanue mchana, waache kivulini ndani ya nyumba wapoe kabisa, kisha usiku huo huo waingie kwenye mifuko mizito ya nailoni inayofungwa kwa kukazwa, na mifuko hiyo ndiyo iingie kwenye sandarusi. Nailoni inazuia hewa ya nje isiwaingie. Lakini inazuia pia maji ya ndani yasitoke, kwa hiyo ukifungia dagaa wa gramu 330 umeutengenezea ukungu makao mazuri kuliko mwanzo. Mzani kwanza, nailoni baadaye. Magunia yainuliwe kwenye mbao, yasiguse sakafu wala ukuta wa behewa, na juu yake liwekwe turubai au maboksi yaliyokunjuliwa ya kunyonya matone.

Wale wadudu wenye manyoya hawakuzaliwa na unyevu. Ni watoto wa mdudu mdogo mweusi mwenye mabawa magumu, anayependa samaki wakavu na ngozi. Jike lilitaga nyumbani kwako, stoo au kwenye gunia lililotumika, na safari ndefu ikawapa muda wa kuanguliwa na kukua. Ndiyo sababu nilikuambia uchemshe au uchome magunia. Fagia stoo, ziba nyufa, usichanganye mzigo wa zamani na mpya. Na tafadhali sana: ile dawa ya unga inayopakwa kwenye mahindi isiguse samaki, hata kidogo, hata muuzaji akuapie. Mahindi yanakobolewa na kusagwa. Dagaa analiwa na ngozi yake.

Chumvi sasa. Anayekushauri kuzidisha ana nusu ya ukweli. Kuwatumbukiza dagaa wabichi kwenye maji ya chumvi kwa dakika chache kunawafukuza nzi na kunachelewesha kuoza katika zile saa za mwanzo, na sisi wa Kigoma tumebarikiwa, chumvi ya Uvinza iko jirani. Siku ya mawingu fanya hivyo. Lakini chumvi ina tabia yake: hewa ikipita asilimia 75 ya unyevu, inaanza kuvuta maji kutoka hewani na kulowa yenyewe, kama unavyoiona kwenye kopo Machi. Dagaa wenye chumvi nyingi wakisafiri bila nailoni watafika wamelowa hata kama hawakuguswa na tone. Kwa hiyo kidogo, mwanzoni, kwa kusudi la kuokoa muda. Haichukui nafasi ya kukausha. Na wateja wa Tabora waliozoea dagaa wasio na chumvi watakurudishia.

Kikaushio cha nailoni ni kitu kizuri, sikatai. Kinazuia mvua na vumbi, kinapasha hewa kama nilivyoeleza juu, na siku ya jua la vipindi kinakupa ukavu ambao kichanja cha wazi hakikupi. Shida ninayoiona mara nyingi ni mafundi wanaokijenga bila matundu. Hewa lazima iingie chini upande mmoja na itoke juu upande wa pili. Bila hivyo, maji ya samaki yanajaa humo humo na unawapika kwa mvuke. Ukiona matone yamegandamana ndani ya nailoni saa sita mchana, kikaushio hicho hakikaushi. Nailoni ya kawaida nayo inachakaa kwa jua na kupasuka, kwa hiyo kwenye bei ya fundi ongeza ya kubadilisha. Na siku tatu mfululizo zisizo na jua, hakuna kikaushio cha jua kitakachokuokoa.

Ndipo moshi na mafuta vinapoingia. Dagaa wa moshi wanakauka hata mvua ikinyesha, ila kuni zilizolowa ni ghali na zinakula faida, na soko lake ni jingine. Dagaa wa kukaanga kwa mawese au mafuta ya alizeti ndio ningekushauri zaidi kwa kiasi kidogo: mafuta ya moto yanatoa maji kwa dakika, si kwa siku. Hawakai muda mrefu, mafuta yanachacha, hivyo si mzigo wa kupeleka kwa treni inayoweza kuchelewa. Wauze hapa hapa mjini kwa vipakiti. Faida itakuwa ndogo, lakini ndoo mbili za siku ya mvua hazitakuwa mbolea.

Kuhusu safari. Treni yetu inatoka Dar es Salaam, takriban kilomita 1,250, na sehemu inayosumbua wakati wa mvua iko mbali na sisi, kati ya Kilosa na Gulwe, ambako reli inafuata bonde la mto. Mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa vibaya. Kwa hiyo unaweza kuwa na jua zuri Ujiji, safari yako ya kilomita 400 na kitu hadi Tabora iko salama, na bado ukakwama kwa sababu mabehewa yenyewe hayajafika. Kabla ya kupeleka mzigo, piga simu kituoni uulize kama treni imeshaondoka Dar na imefika wapi. Isipoeleweka, magunia yako yakae nyumbani kwako penye hewa, yasikae jukwaani. Kwa mzigo mdogo basi linaweza kuwa nafuu hata kama nauli ya gunia iko juu. Gunia lililofika zima linalipa nauli yake.

Je, usimamishe mpaka Mei? Mimi nisingesimama. Kwanza Mei si ahadi: mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ulizia kwa afisa uvuvi kabla ya kuipangia fedha. Pili, dagaa wakavu wazuri wakiwa adimu bei inakuwa upande wako. Lakini usipeleke mzigo wa kiangazi. Januari hadi Machi Tabora watu wengi wananunua unga, mahindi ya shambani bado, fedha ya tumbaku haijatoka, na mvua imewaletea mboga za bure: mlenda, matembele, uyoga wa porini. Mdogo wako atauza kwa vipimo vidogo, polepole, kwenye meza iliyo na unyevu. Magunia mengi yatamchachia mkononi.

Kwa hiyo punguza, na uwinde siku. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa siku kumi kumi. Sikiliza redioni au muombe kijana akuangalizie kwenye simu. Katikati ya msimu, mara nyingi Januari au Februari, hutokea mapumziko ya siku kadhaa za jua. Yakikutana na usiku wa giza, nunua kwa nguvu zako zote. Yakikutana na mbalamwezi, fua nguo. Siku za mvua mfululizo nunua kidogo cha kukaanga tu.

Mkopo, subiri. Fanya mizunguko michache kwa vichanja, mzani na nailoni nzito, uandike kila mara shahidi wako alibaki na gramu ngapi na mzigo ulifikaje. Ukiona unakwama kwenye 330 mara kwa mara hata siku za jua la vipindi, hapo kikaushio kitakulipa na unakopa ukijua kwa nini. Ukiona unafika 290 na bado mzigo unaharibika njiani, kikaushio hakitakusaidia chochote; fedha hiyo iende kwenye ufungashaji na nauli. Na ukikopa, ungana na wenzako wawili watatu, maana kikaushio cha mtu mmoja kinakaa bure siku zote za mbalamwezi.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa. Kabla hujamlipa fundi, nenda Kibirizi kwenye chuo cha uvuvi cha FETA uombe kuonyeshwa kikaushio kinachofanya kazi, mchukue na fundi wako akione matundu kwa macho yake. Ukitaka kujua kiasi cha maji kwa uhakika, au ukungu ukirudi hata baada ya kufuata haya, peleka mfuko mdogo uliofungwa, pamoja na daftari lako la uzito, kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI hapa Kigoma na uwaulize kuhusu kupimwa. Na kama kuna mtu nyumbani au mteja aliyekula wale walioharibika akaanza kutapika, kuharisha au kuvimba uso, aende zahanati leo, na mseme alikula nini.